Namna ya Kuweka Mihadhara ya Sauti na Video Mtandaoni kwa Kufuata Taratibu za Chuo Kikuu

Mhadhara unaotolewa chuoni Malimbe, Mwanza, asubuhi unaweza kusikilizwa jioni ileile na mwalimu wa sekondari aliyeko Nansio, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria anayeendesha duka Igoma, na tabibu wa zahanati ya kisiwani Kome ambaye hana nafasi ya kurudi darasani. Faida hiyo ni kubwa, na ndiyo maana inaumiza kuona rekodi nzuri zikiondolewa mtandaoni, au zikiachwa kwenye diski bila kutumika, kwa sababu mtu mmoja anayeonekana ndani yake hakuombwa ruhusa au kwa sababu wimbo uliosikika kwa mbali una mwenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahadhiri, wakufunzi na wanafunzi wa vyuo vya Mwanza na vya kando ya ziwa wanaotaka kushirikisha wengine elimu yao kwa sauti na video. Msimamo wake ni mmoja: karibu kila tatizo la rekodi iliyokwisha kupakiwa lingeweza kumalizwa kabla kamera haijawashwa, kwa kuuliza kila kitu kitakachoingia ndani ya rekodi ni cha nani.

Anza na umiliki

Kazi ya kwanza ni kusoma sera ya haki miliki bunifu ya chuo chako, ambayo kwa kawaida hupatikana kwenye tovuti ya chuo, maktaba, kurugenzi ya utafiti au kwa mwanasheria wa chuo. Isome pamoja na mkataba wako wa ajira, kwa kuwa mambo mawili hayo ndiyo yanayosema nani ana mamlaka ya kuruhusu mhadhara utoke nje ya darasa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ni Sura ya 218 ya sheria za Tanzania, inailinda kazi tangu inapotungwa, bila kungoja isajiliwe popote. Kwa kazi iliyotungwa na mwajiriwa katika kutekeleza majukumu yake, haki za kiuchumi kwa kawaida huwa za mwajiri, isipokuwa pale ambapo mkataba umesema vinginevyo. Lakini haki ya mtunzi kutajwa kuwa ndiye mtunzi hubaki kwake. Kwa lugha nyepesi, slaidi ulizoandaa kwa ajili ya kozi unayolipwa kuifundisha huenda zisiwe zako peke yako, na chuo nacho hakina ruhusa ya kuzitoa kwa jina la mtu mwingine.

Mhadhiri mgeni hayumo katika mpangilio huo. Mtafiti wa samaki aliyealikwa kuzungumza kwa saa mbili, au wakili aliyekuja kueleza sheria ya ardhi kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu, hajaajiriwa na chuo, na kukubali kwake mwaliko wa kufundisha si kukubali kurekodiwa, sembuse kuwekwa mtandaoni. Ruhusa yake iombwe kwa maandishi kabla ya siku ya mhadhara, ikieleza wazi kwamba rekodi itawekwa wapi, kwa leseni gani, na kama chuo kitaruhusiwa kuikata vipande vifupi. Vilevile kazi ya mwanafunzi, iwe ni wasilisho la darasani, filamu fupi ya kozi ya uandishi wa habari au ripoti ya mradi, ni mali ya mwanafunzi huyo hata kama aliifanya ili apewe alama. Mwombe. Iwapo rekodi imetokana na utafiti uliofadhiliwa, tazama pia mkataba wa ufadhili, maana wafadhili wengine hudai matokeo yawe wazi kwa umma na wengine hutaka kupewa nafasi ya kuyaona kwanza.

Baada ya hapo, andika barua pepe fupi kwa mkuu wa idara, nakala kwa kitengo cha TEHAMA na ofisi ya mawasiliano, angalau wiki moja kabla. Taja kichwa cha mhadhara, watu watakaoonekana au kusikika, kazi za watu wengine utakazotumia, mahali rekodi itakapowekwa, na leseni unayopendekeza. Barua hiyo yenye mistari kumi ina thamani kuliko kikao kirefu, kwa sababu inabaki kwenye kumbukumbu na inamlazimu anayeiandika kufikiri mambo ambayo vinginevyo angeyakumbuka wakati wa kupakia.

Nyuso, sauti na majina

Hapa ndipo penye uzito kuliko sehemu nyingine zote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inahesabu kuwa taarifa binafsi kitu chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Uso ni taarifa binafsi. Sauti inayotambulika ni taarifa binafsi, na namba ya usajili ya mwanafunzi vilevile. Taarifa za afya na zinazohusu watoto zimo katika kundi la taarifa nyeti, zinazotakiwa kushughulikiwa kwa uangalifu zaidi, na aliyetoa ridhaa anaweza kuiondoa baadaye. Aidha, sheria hiyo ina masharti juu ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, jambo linalopaswa kukumbukwa kila mara unapopakia kwenye jukwaa ambalo seva zake haziko Tanzania.

Darasani, tangazo la mdomo la kwamba leo tunarekodi, asiyetaka aseme, halitoshi. Mwanafunzi ambaye alama zake zinategemea mkono wa anayeuliza hana uhuru kamili wa kukataa mbele ya wenzake. Njia inayoheshimu zaidi ni kupanga chumba ili ridhaa ya wanafunzi isihitajike kabisa. Weka kamera mstari wa mbele, iangalie jukwaa na ubao tu. Acha safu kadhaa za viti zilizo nje kabisa ya picha na uwaambie wanafunzi ni zipi. Mvalishe mhadhiri maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola badala ya kutegea sauti ya ukumbi mzima. Mwanafunzi akiuliza swali, mhadhiri alirudie kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kulijibu, kisha sauti ya muulizaji ikatwe wakati wa kuhariri. Zoezi hili lina faida ya pili, kwani msikilizaji aliye mbali mara nyingi hasikii kabisa swali lililoulizwa kutoka nyuma ya ukumbi.

Usianze kurekodi wakati wa kuita majina. Usirekodi matangazo ya matokeo, wala mazungumzo na mwanafunzi aliyekuja mbele kueleza kwa nini hakuleta kazi. Kwa vipindi vya Zoom au Google Meet, chagua mpangilio unaomwonyesha mzungumzaji pekee, funga dirisha la orodha ya washiriki, na usihifadhi mazungumzo ya maandishi pamoja na video. Zima pia arifa za simu na za kompyuta. Ujumbe wa WhatsApp unaochomoza pembeni mwa skrini kwa sekunde tatu unatosha kufichua jina la mtu na shida yake, na aliyeandika hakuwa anazungumza na dunia.

Nje ya darasa mambo huwa magumu zaidi. Chukua mfano wa mkufunzi anayetaka kurekodi somo la uvuvi na uchakataji wa samaki katika mwalo wa Kirumba, mahali ambapo dagaa huletwa kwa wingi kutoka visiwani. Mbele ya kamera kutakuwa na akina mama wanaoanika dagaa, wachukuzi waliobeba magunia, watoto waliofuatana na mama zao, na mteja anayebishana bei. Watu hao wako kazini kwao, na kuwepo kwao mahali pa wazi hakukuondolei wajibu wa kuwaeleza unachofanya. Jitambulishe kwanza kwa uongozi wa soko na wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo husika, kisha zungumza na kila mtu atakayeonekana kwa karibu. Maneno hayahitaji kuwa ya kisheria: “Shikamoo mama. Tunatoka chuoni, tunarekodi somo la namna ya kukausha dagaa. Tungependa tukuchukue ukiwa kwenye kichanja chako. Video itawekwa mtandaoni, na watu wa mbali, hata wa nchi nyingine, wanaweza kuiona na kuihifadhi. Ukisema hapana, tutahamia kwingine na hatutakuwa na neno.” Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kuuliza. Atauliza kama analipwa, atauliza kama video itapelekwa kwa watu wa kodi, na maswali yote mawili yanastahili jibu la kweli.

Ambaye hana mazoea ya kusoma na kuandika anaweza kutoa ridhaa kwa sauti, ikirekodiwa kwenye faili la peke yake ambalo halitachapishwa, akitaja jina lake na anachokikubali. Kama mazungumzo yanakwenda vizuri zaidi kwa Kisukuma au Kikerewe, yafanyike kwa lugha hiyo, kwa kuwa ridhaa ya mtu asiyeelewa vizuri alichoambiwa haina nguvu hata kama kidole gumba chake kipo kwenye fomu. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hatoi ridhaa peke yake. Anatakiwa mzazi au mlezi. Kwa wanachuo wa ualimu wanaorekodi mazoezi ya kufundisha, mkuu wa shule aombwe pia, na kwa maoni yangu rekodi za aina hiyo zibaki ndani ya mfumo wa chuo, kwa sababu manufaa ya kuonyesha darasa zima la watoto kwa umma ni madogo mno yakilinganishwa na hatari yake.

Kwa wanaofundisha fani za afya, tazama kwa makini picha ya eksirei kabla ya kuiweka kwenye slaidi. Kwenye kona yake moja huandikwa jina la mgonjwa, umri au tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kupigwa picha, na mara nyingi namba ya faili. Kufunika maandishi hayo kwa kisanduku cheusi ndani ya slaidi si kuyaondoa, maana faili la slaidi likitolewa kwa wanafunzi, kisanduku kinasogezwa na jina linasomeka. Kata picha yenyewe kwanza, ihifadhi upya, kisha ndiyo uiweke. Halafu sikiliza sauti yako. Mhadhiri aliyefuta jina lakini akasema kwamba huyu ni mama wa kisiwani fulani, aliyejifungua mapacha mwaka jana kisha akavunjika nyonga kwenye ajali ya bodaboda, amekwisha kumtaja mgonjwa kwa kila jirani yake. Zaidi ya hayo, kibali cha kumtibu mgonjwa si kibali cha kumfundishia, na kibali cha kumfundishia darasani si kibali cha kumweka mtandaoni. Fuata utaratibu wa hospitali na wa kamati ya maadili.

Kama unafikiria kurusha droni kupata picha ya ziwa au ya miamba ya jiji, fahamu kwamba inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa somo la kawaida, picha iliyopigwa kutoka mlimani inatosha.

Kazi za wengine ndani ya mhadhara wako

Sheria yetu inaruhusu kutumia sehemu ya kazi iliyochapishwa kama kielelezo cha kufundishia, kwa kiasi kinachohalalishwa na lengo la somo, alimradi chanzo na jina la mtunzi vitajwe. Ruhusa hiyo ni ya thamani, ila isichukuliwe kuwa haina mipaka. Kuonyesha mchoro mmoja wa kitabu mbele ya wanafunzi sitini ni jambo moja. Kuusambaza mchoro huohuo kwenye chaneli iliyo wazi, kwa watu wa nchi zenye sheria zao, kwa muda usio na mwisho, ni jambo jingine. Kwa sababu hiyo vyuo vingi duniani huwa na kanuni ngumu zaidi kwa rekodi za wazi kuliko kwa zile zinazobaki ndani ya mfumo wa nenosiri.

Njia iliyo salama, na inayokufanya ufundishe vizuri zaidi, ni kuchora upya. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa au kuchorwa, hailindi taarifa yenyewe. Ukikuta katika ripoti ya Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) au ya Jumuiya ya Uvuvi ya Ziwa Victoria yenye makao yake Jinja chati inayoonyesha mabadiliko ya upatikanaji wa sangara, usipige picha ukurasa. Chukua takwimu, tengeneza chati yako yenye lugha unayofundishia, na uandike chini yake takwimu zimetoka wapi na za mwaka gani. Kwa picha za kawaida, tumia ulizopiga mwenyewe au zile zenye leseni ya wazi. Kazi ambayo mtunzi wake alifariki zaidi ya miaka 50 iliyopita kwa kawaida imekwisha kutoka katika ulinzi wa hakimiliki hapa Tanzania, ingawa nchi nyingine huhesabu miaka 70, na kwa rekodi inayosambazwa dunia nzima ni busara kufuata hesabu hiyo iliyo ndefu.

Kutaja chanzo kuna namna yake. Andika jina la kazi, jina la mtunzi, mahali ilipopatikana na leseni yake, mambo manne, kwenye slaidi ileile inayoonyesha picha na si kwenye ukurasa wa mwisho ambao hakuna anayefika. Kwa rekodi ya sauti tupu, mtunzi atajwe kwa mdomo pale kazi yake inapotumika, na maelezo kamili yawekwe kwenye maandishi yanayoambatana na faili.

Video ya mtu mwingine iliyoko YouTube usiipakue na kuipakia upya kwenye chaneli ya chuo, hata kama unamtaja kwa heshima zote. Weka kiungo chake, au ipachike kwenye ukurasa wa kozi ili ichezwe ikiwa bado kwa mwenyewe. Wakati wa kurekodi, simamisha rekodi, waonyeshe wanafunzi, kisha endelea.

Muziki nao ni chanzo cha usumbufu usiokwisha. YouTube ina mfumo wa Content ID, ulioanza mwaka 2007, unaolinganisha sauti ya kila video na hazina ya kazi zilizowasilishwa na wenye haki, na hausumbuliwi na ukweli kwamba wimbo ulikuwa unatoka kwenye redio ya mtumbwi wa jirani. Tukirudi pale mwaloni: mkufunzi anaeleza kwa nini dagaa waliokaushwa kwenye kichanja huwa safi kuliko waliotandazwa mchangani, na nyuma yake spika ya kibanda cha chai inapiga Bongo Fleva kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maelezo yake yanaweza kuzimwa sauti, matangazo ya biashara ya mwenye wimbo yakawekwa juu ya somo la chuo, au video ikafungwa katika baadhi ya nchi. Mwombe mwenye kibanda azime kwa dakika kumi, na ununue chai. Ikishindikana, rekodi picha pale na maelezo kwenye chumba kimya, kisha uyaunganishe. Kutojitokeza kwa dai lolote baada ya kupakia hakumaanishi kwamba una ruhusa. Kunamaanisha tu kwamba mashine haijakutambua.

Kuchagua leseni

Rekodi isiyo na leseni inayotajwa haijulikani inaweza kufanyiwa nini, na mwalimu mwaminifu ataiacha. Kwa hiyo itaje. Leseni zinazotumika zaidi katika elimu ni za Creative Commons, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 2001, mwaka uleule ambao chuo cha MIT kilitangaza mpango wake wa kuweka masomo wazi kwa umma. Mwaka 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo rasmi kuhusu rasilimali huria za elimu, na hilo ni jambo la kulitaja unapozungumza na uongozi wenye wasiwasi.

Leseni ya CC BY inaruhusu matumizi yoyote, sharti likiwa ni kumtaja mtunzi. Herufi SA zinamtaka anayeibadilisha kazi aitoe kwa leseni ileile, NC zinakataza matumizi ya kibiashara, na ND zinakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa. Wahadhiri wengi, kwa hofu inayoeleweka, huchagua iliyo kali kuliko zote, yenye NC na ND pamoja. Naomba wafikiri tena. Tafsiri ni badiliko la kazi, na chini ya ND hakuna anayeruhusiwa kusambaza mhadhara wako wa Kiingereza ukiwa umewekewa sauti ya Kiswahili, wala kuugeuza kuwa kipindi cha Kisukuma kwa ajili ya wakulima wa pamba wa Magu na Kwimba. Watu wanaohitaji zaidi elimu hiyo ndio wanaofungiwa mlango. Kama hofu ni kwamba mtu ataiuza, NC peke yake inatosha.

Kumbuka tu kwamba leseni hizi hazirudishwi nyuma. Unaweza kuacha kuisambaza kazi kesho, lakini aliyeichukua leo kwa masharti ya leseni anaendelea kuwa na haki ya kuitumia. Hivyo leseni itolewe na mwenye mamlaka ya kuitoa, ambaye, kama tulivyoona, huenda akawa chuo na si wewe, na isitolewe juu ya vitu usivyovimiliki. Picha ya mtu mwingine iliyomo ndani ya rekodi ibaki na masharti yake, na ielezwe hivyo.

Mahali pa kuweka, na ukubwa wa faili

Kuna ngazi za uwazi, na kosa la kawaida ni kuruka moja kwa moja hadi ya juu kabisa. Rekodi yenye wanafunzi, wagonjwa au vitabu vya watu ikae kwenye Moodle au mfumo mwingine wa chuo, ambako wanaoingia ni waliosajiliwa kwenye kozi. Video isiyoorodheshwa kwenye YouTube haijafichwa: kila aliye na kiungo anaiona, na kiungo kikishaingia kwenye kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu, hesabu kwamba kiko kwa umma. Rekodi iliyosafishwa, yenye ridhaa zote na leseni, ndiyo inayostahili kuwa wazi kabisa.

Chaneli iwe ya chuo, iliyofunguliwa kwa barua pepe ya ofisi, na iwe na wasimamizi wasiopungua wawili, la sivyo mmoja akihama kwenda chuo kingine, nywila inaondoka naye. Anayetaka kuweka mihadhara ya kozi kwenye chaneli yake binafsi aombe ruhusa, na asiwashe matangazo ya kumwingizia fedha kabla chuo hakijaridhia. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020, zilizorekebishwa mwaka 2022, zinahusu pia wanaochapisha kutoka nchini, kwa hiyo kabla ya kuzindua chaneli mpya ofisi ya mawasiliano iwasiliane na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ili kujua kama aina ya maudhui yanayokusudiwa inahitaji leseni.

Fikiria bando la msikilizaji. Video ya saa moja iliyobanwa kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ina uzito wa takriban gigabaiti 2.25, ikishushwa hadi megabiti 1 inakuwa kama megabaiti 450, na maandishi ya slaidi bado yanasomeka yakiwa makubwa ya kutosha. Mhadhara huohuo kama faili la MP3 la kilobiti 64 kwa sekunde, njia moja ya sauti, unakuwa megabaiti 29 hivi. Kwa mtu wa Ukerewe anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atasoma au hatasoma. Toa zote mbili, sauti na video, na uweke slaidi pembeni kama faili jepesi.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha

Mtu ambaye hakuwepo wakati wa kurekodi aitazame rekodi yote, mwanzo hadi mwisho, akiwa na visikizio masikioni. Aliyerekodi amekwisha kuzoea na hatasikia jina la mwanafunzi lililotajwa dakika ya 34. Wakati huohuo arekebishe manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa yanayopita chini ya video. Manukuu yanayotengenezwa na mashine hukosea majina na istilahi, hasa mhadhiri anapochanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, na somo ambalo majina ya samaki kama furu na sato yamegeuzwa kuwa maneno mengine halimsaidii kiziwi anayelitegemea. Kwa ajili ya asiyeona, mhadhiri ajizoeze kusema kilichopo badala ya kunyooshea kidole: asiseme tu kwamba mstari huu unapanda hapa, aseme mstari wa sangara unapanda wakati wa furu unashuka.

Wanafunzi wanaojirekodia mihadhara kwa simu wana utaratibu mfupi: omba ruhusa ya mhadhiri, tumia kwa kujisomea, usipakie popote wala kukata klipu za TikTok. Mwanafunzi mwenye ulemavu anayehitaji rekodi ili asome sawa na wenzake asisumbuliwe; chuo kimpe rekodi hiyo, na asiyemruhusu ndiye anayepaswa kutoa sababu.

Mtu akilalamika

Kila rekodi iliyo wazi iwe na anwani ya barua pepe ya ofisi, si ya mtu binafsi, ambako malalamiko yanapelekwa. Lalamiko likija kuhusu uso, sauti au taarifa za mtu, ficha rekodi kwanza, chunguza baadaye. Mjibu mlalamikaji siku hiyohiyo kwamba rekodi imefichwa na utamweleza uamuzi lini. Usimwahidi kwamba nakala zote zimefutika duniani, kwa sababu hilo haliko mikononi mwako. Mwambie kilichofanyika kwenye chaneli ya chuo, na umsaidie kutuma ombi kwenye jukwaa lingine kama kuna aliyeisambaza. Lalamiko la hakimiliki linahitaji kwanza kuona kama mlalamikaji ndiye mwenye kazi, na hapo mwanasheria wa chuo ndiye wa kujibu, akiomba ushauri wa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) inapobidi.

Majibu hayo yote yanategemea kumbukumbu. Faili asilia lisilobanwa, toleo lililochapishwa, manukuu, barua ya idhini na fomu za ridhaa vipewe jina moja linaloanza na mwaka na namba ya kozi, na vihifadhiwe sehemu mbili tofauti, moja ikiwa nje ya ofisi ya aliyerekodi. Fomu za ridhaa zina majina na namba za simu za watu, hivyo zisiwekwe kwenye folda inayofunguliwa na idara nzima. Mtunza kumbukumbu awe na nywila yake, na mkuu wa idara awe na nyingine. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, idara ipitie orodha ya rekodi zake zilizo wazi, iondoe zilizopitwa na wakati, hasa za dozi za dawa na za sheria zilizorekebishwa, na iandike tarehe ya mapitio kwenye maelezo ya kila moja iliyobaki.